Hakuna Kilichopotea

"Hakuna hata kimoja kilichopotea," mwalimu aliniambia, akaligeuza daftari ili nijionee mwenyewe.

Safu ya namba, safu ya majina ya vitabu, safu ya hali. Kizuri. Kizuri. Kizuri. Kutoka juu ya ukurasa hadi chini, mwandiko mmoja, wino mmoja. Vitabu 640 tulivyoikabidhi shule ile miaka miwili nyuma vilikuwa vyote hapo. Alikuwa na haki ya kujivuna. Mimi mwenyewe nilijivuna, kwa kama dakika mbili hivi.

Kisha akaanza kutafuta ufunguo, na ufunguo ukachukua muda kupatikana.

Chumba kilikuwa safi. Rafu ni zilezile tulizozipaka rangi, bango ni lilelile la "Karibu Maktabani", ila gundi ilikuwa imeachia pembe moja. Nikavuta kitabu cha hadithi, nikakifungua katikati. Aliyewahi kufungua kitabu kipya anaijua sauti ile: mgongo hulia, gundi inapokunjwa kwa mara ya kwanza.

Kililia.

Nikavuta cha pili.

Nacho kililia.

## Mali yenye daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakusema lolote kuhusu mali yenye daftari lisilo na doa, ambayo nayo imekwisha, ila imekwisha ikiwa kamili na imepangwa kwa namba.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Usiku huo nikafungua kompyuta, nikaandika aya nne za makala ambayo, namshukuru Mungu, hamkuwahi kuisoma. Zilikuwa aya kali. Zilizungumzia uzembe, walimu wasiopenda kusoma, watu wanaopewa wakashindwa kutumia. Ziliandikwa kwa ufasaha wa mtu ambaye hajawahi kusimamia darasa hata kwa kipindi kimoja.

Sikuzichapisha kwa sababu moja tu: nilitaka kuweka idadi kamili ya vitabu, na ili niipate ikabidi niitafute fomu ya makabidhiano.

Fomu ile niliiandika mimi.

Kipengele cha tano kilisomeka hivi: "Mpokeaji atawajibika binafsi kwa upotevu au uharibifu wowote wa vitabu vilivyoorodheshwa." Chini yake, sahihi ya mwalimu yuleyule. Nakumbuka kabisa jinsi kipengele kile kilivyoingia. Watu walikuwa wamechanga fedha zao, nami nilitaka waone kwamba kazi inafanywa na watu makini. Neno "binafsi" niliongeza mwishoni, kwa sababu sentensi ilionekana legelege bila hilo.

Neno moja. Miaka miwili ya kufuli.

## Nilimpigia simu

Nilikaa siku kadhaa kabla ya kupiga. Sikujua ningeanzia wapi; nilitamani pia, kwa siri, aniambie kwamba fomu haikuwa na uzito wowote, kwamba aliisaini akaisahau.

Hakuisahau.

"Mwanangu," alisema (ni mtu mzima kunizidi sana), "mimi nina vipindi ishirini na sita kwa wiki. Maktaba niliongezewa tu, kwa sababu mwaka ule nilikuwa nafundisha lugha. Siku ya kukabidhiwa nilisaini mimi, si shule. Mtoto akikipoteza kitabu, atakayeulizwa ni nani?"

Nikanyamaza.

"Tulipofungua, wiki ya pili havikurudi vitabu viwili. Sikulala. Nilizunguka darasa kwa darasa mpaka nikavipata. Kimoja kilikuwa kwa bibi wa mtoto, anasomewa na mjukuu wake jioni. Nikakichukua. Basi, tangu hapo nikaona bora wasomee mlemle ndani nikiwapo. Na kuwapo kwenyewe sina nafasi. Wewe ungefanyaje?"

Maneno ya simu ile yalipita, lakini yale ya kitabu kilichokuwa kwa bibi hayakupita. Pengine hapo ndipo maktaba yetu ilikuwa imefanya kazi kuliko mahali pengine popote, mara moja tu katika miaka miwili, na sisi wawili, yeye kwa miguu yake na mimi kwa kipengele cha tano, tukaenda kukinyakua.

## Minyororo

Kuogopa kupoteza vitabu si ugonjwa wa leo. Katika Ulaya ya enzi za kati vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye meza na rafu, kwa kuwa kimoja kiliandikwa kwa mkono kwa miezi mingi na kuthaminiwa kuliko mifugo. Kanisa kuu la Hereford, Uingereza, bado lina maktaba yake ya minyororo, na watu huenda kuitazama kama wanavyotazama silaha za kale. Msomaji alisimama pale mnyororo ulipoishia.

Aliyeieleza vizuri safari ya kutoka kwenye mnyororo ni S. R. Ranganathan wa India. Alikuwa mwalimu wa hesabu, si mkutubi. Mwaka 1924 aliteuliwa kusimamia maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras, na baada ya muda mfupi akachoshwa na upweke wa kazi ile hata akaomba arudishwe darasani. Wakubwa wake wakamshawishi aende kwanza London akaone maktaba zinavyoendeshwa. Alirudi mtu mwingine. Mwaka 1931 akatoa kanuni zake tano, na ya kwanza ni fupi kiasi cha kuonekana haina maana: vitabu ni vya kutumiwa.

Niliposoma kanuni hiyo zamani nilicheka. Nani asiyejua? Sasa naona kwamba inahitaji kusemwa, tena ya kwanza, kwa sababu kila mtu anayekabidhiwa vitabu husikia kanuni nyingine ambayo haijaandikwa: vitabu ni vya kutunzwa. Kanuni hizo mbili zinaishi pamoja bila ugomvi mpaka siku mtoto anaposema, "Naomba niende nacho nyumbani."

Hapo ndipo unapojua ni ipi inayotawala shule yako.

## Lakini subiri

Nilimsimulia rafiki yangu mmoja haya yote, mtu aliyefanya kazi ya kugawa vitabu shuleni kwa miaka mingi. Nilidhani angenipigia makofi. Akaniuliza: "Kwa hiyo vikipotea vyote mia sita na arobaini, utasema maktaba imefanikiwa?"

Swali lile lilinisumbua pengine kuliko ile sauti ya mgongo wa kitabu. Kwa sababu ana hoja. Darasa lenye nakala arobaini za kitabu cha hesabu likipoteza kumi, kuna watoto kumi watakaochungulia begani kwa wenzao hadi mwisho wa mwaka. Hilo si jambo la kuchekea eti "vitabu ni vya kutumiwa". Anayeweza kupuuza upotevu ni yule ambaye daima ana fedha za kununua kingine.

Baada ya kulizungusha sana kichwani, niliona kwamba kosa letu lilikuwa kuvichukulia vitabu vyote kama vya aina moja. Kitabu cha kiada ni chombo cha darasa: kina idadi yake, kina muda wake, na kinapaswa kurudi. Kitabu cha ziada, hasa cha hadithi, ni kitu kingine. Kazi yake haina tarehe. Kikirudi kimechakaa, kimefanya kazi. Kisiporudi, mara nyingi kipo mahali fulani, chini ya mto wa mtu. Mwalimu alivitunza vyote kwa sheria ya kiada kwa sababu fomu yangu haikumpa sheria nyingine.

Na hapa nina wasiwasi ambao bado haujaniisha. Mtoto asiye na kitabu chochote nyumbani ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kukichelewesha kile pekee alichokipata. Ukimwadhibu, unamwadhibu kwa kukipenda. Usipomwadhibu, unamnyima mwenzake anayekisubiri. Mizani ile haina upande mwepesi, na simwamini mtu anayesema ameipata dawa yake.

## Faini

Maktaba za umma zimepambana na jambo hilihili kwa njia yao. Januari 2019 Chama cha Maktaba cha Marekani kilipitisha azimio linalosema kwamba faini za ucheleweshaji ni aina ya ukosefu wa usawa, kwani humfukuza kwanza yule mwenye uhitaji mkubwa zaidi. Oktoba mwaka huohuo maktaba za umma za Chicago zikafuta faini hizo. Vitabu vilivyokuwa vimejificha majumbani kwa miaka vikaanza kurudi kwa wingi. Watu hawakuwa wezi. Walikuwa wanaona aibu kurudi na deni.

Najua shule si Chicago, na maktaba ya jiji ina bajeti ambayo mwalimu wangu haioni hata ndotoni. Lakini aibu ya mtoto wa miaka kumi ni aibu ileile. Aliyepoteza kitabu kimoja hapiti tena karibu na mlango ule, na kwa shule nyingi huyo ndiye msomaji uliyemtafuta.

## Atlasi ya nchi isiyokuwepo

Kabla sijaendelea na fomu, kuna aibu nyingine ambayo lazima niiseme.

Siku ile maktabani nilifungua pia boksi la mwisho, lile ambalo halikuwahi kupangwa kwenye rafu. Ndani kulikuwa na atlasi yenye Umoja wa Kisovyeti, nchi iliyovunjika mwaka 1991. Kulikuwa na kitabu cha anga kinachohesabu sayari tisa, ilhali wanaastronomia waliiondoa Pluto kwenye orodha ya sayari mwaka 2006. Kulikuwa na miongozo mitatu ya programu za kompyuta ambazo hata mimi sijawahi kuziona zikifanya kazi.

Vyote vilitoka kwetu. Watu walisafisha nyumba zao, nasi tukaviita msaada.

Tulihesabu vyote ndani ya vile 640, kwa sababu namba kubwa hupendeza kwenye picha ya makabidhiano. Mwalimu naye akavitunza vyote kwa uaminifu uleule, akiandika "Kizuri" mbele ya atlasi inayodanganya. Angeweza vipi kuitupa, wakati karatasi inasema atawajibika binafsi?

Wakutubi wana utaratibu wa kuondoa vitabu. Mimi huuita kupalilia. Mwongozo unaojulikana kwa jina la CREW, ambao chimbuko lake ni Texas mwaka 1976, unauliza maswali ya kawaida kabisa: Je, kitabu kinapotosha? Kimechakaa hata hakishikiki? Kuna kipya zaidi kilichochukua nafasi yake? Kinamfaa msomaji wa hapa? Kwa maswali hayo, theluthi ya mchango wetu ingeishia mlangoni siku ya kwanza. Nimekisia kwa macho tu, sikuhesabu, na sitaki kuhesabu.

Nikiombwa leo ushauri na mtu anayetaka kuchangia maktaba ya shule, nitamwambia aulize kwanza orodha ya vitabu ambavyo watoto wameviomba wakavikosa. Kama orodha hiyo haipo, basi msaada wa kwanza ni daftari tupu na kalamu vikae karibu na mlango, mtoto aandike anachotaka.

## Nani afungue mlango?

Hata nikilifuta neno "binafsi", vipindi ishirini na sita vitabaki palepale.

Hili ndilo tulilolikwepa tangu mwanzo, kwa sababu vitabu vinachangishika na mshahara hauchangishiki. Mwongozo wa maktaba za shule uliotolewa na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, pamoja na UNESCO mwaka 2002 ulitaja kiwango cha vitabu kumi kwa kila mwanafunzi, na machapisho yasiyopungua 2,500 hata kwa shule ndogo kabisa. Niliwahi kuzikariri namba hizo na kuzitumia katika hotuba. Sikuwahi kunukuu sehemu zinazomhusu mkutubi mwenye mafunzo, ingawa ilani ya mashirika hayo ya mwaka 1999 ilikuwa imeshamtaja, na mwongozo wa IFLA wa mwaka 2015 unamrudia kila baada ya kurasa chache.

Keith Curry Lance na wenzake huko Colorado walichapisha mwaka 1993 utafiti uliokuja kurudiwa katika majimbo mengine mengi ya Marekani. Waliona kwamba shule zenye maktaba zenye wahudumu wa kutosha na vitabu vya kutosha zilikuwa na alama bora za kusoma, hata baada ya kuzingatia hali ya kiuchumi ya familia. Uhusiano si sababu, najua. Shule inayojali maktaba huenda inajali mengi. Hata hivyo sijawahi kuona shule ambayo kufuli lilijifungua lenyewe.

Niliongea na mkuu wa shule. Sikuenda na maombi makubwa. Niliomba mwalimu apunguziwe vipindi, na akapunguziwa vinne. Maktaba ikaingizwa kwenye ratiba kama somo lingine, kila darasa mara moja kwa wiki. Wanafunzi wanane wakafundishwa kuazimisha. Nilikuwa na mashaka na hao wanane, nikidhani wangependelea marafiki zao. Wanapendelea kweli. Lakini rafiki wa mwanafunzi wa zamu naye ni msomaji, na hajawahi kuwa msomaji kabla.

Vipindi vinne havitoshi. Mwalimu alinieleza hivyo bila kunificha, na sina jibu la kumpa.

## Nyoka

Kitu kimoja cha kuchekesha, kwa sababu si yote yalikuwa mazito. Tulipopanga maktaba mara ya kwanza tulimaliza wikendi mbili tukibishana kuhusu Dewey, mfumo wa mwaka 1876 unaogawa maarifa yote kutoka 000 hadi 999. Tulibandika namba zenye desimali kwenye migongo ya vitabu vya watoto wa darasa la tatu. Tulijiona wataalamu.

Juzi mvulana mmoja aliingia akauliza vitabu vya nyoka. Mwanafunzi wa zamu hakuangalia namba. Alimpeleka moja kwa moja kwenye kikapu kilichobandikwa picha ya nyoka aliyoichora mwenyewe, mwenye meno mengi kuliko inavyoruhusiwa na maumbile. Kwa Dewey nyoka yuko 597.96. Kwa wale watoto yuko kwenye kikapu.

Kanuni ya nne ya Ranganathan inasema usimpotezee msomaji muda wake. Desimali zetu bado zipo kwenye migongo. Hakuna anayezisumbua.

## Fomu mpya

Tuliiandika upya pamoja, yeye akisema, mimi nikichapa. Vitabu sasa ni vya shule, si vya mtu. Vya kiada vina daftari lao na masharti yao. Vya ziada vina kipengele ambacho mwalimu alikikataa mara mbili kabla ya kukikubali: kwamba kila mwaka tunategemea sehemu ya vitabu isirudi, na sisi wachangiaji ndio tunaoweka akiba ya kuziba pengo hilo. Kila muhula kuna siku ya kurudisha bila kuulizwa swali. Kuna boksi nje ya mlango, unatumbukiza unaondoka.

Baadhi ya wachangiaji hawakufurahi. Mmoja aliniuliza kwa nini nachangisha fedha za kupoteza. Nilijaribu kumweleza habari ya kitabu kilichokuwa kwa bibi. Sidhani kama nilifaulu. Alichanga nusu ya alichokuwa akichanga.

Mwalimu mwenyewe alichukua muda. Wiki za mwanzo aliazimisha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa bado umeshika kitasa, kama alivyoniambia kwa maneno yake. Miaka mingi ya kuulizwa "kiko wapi?" haifutwi na karatasi, hata ikiwa na muhuri.

Wiki iliyopita aliniandikia ujumbe:

"Vinne havijarudi. Kimoja kimerudi hakina jalada, mtoto amekishonea kitambaa. Kwenye safu ya hali niandike nini?"

Nilianza kuandika jibu refu, nikalifuta. Nikamuuliza: je, kikifunguliwa, mgongo unalia?

"Haulii," akajibu. "Unajifungua wenyewe, ukurasa wa 31."

Kisha, baada ya dakika chache: "Nimeandika hivyo hivyo daftarini."